Utafiti wa timu uandikwe na timu

Januari 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali za miji minane: Toronto, Seattle, London, Auckland, New Delhi, Manila, Amman na Ifakara. Ndiyo, Ifakara yetu ya bonde la Kilombero. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliwekwa kwenye jedwali moja na hospitali za London na Seattle, na kilichopimwa kote kilikuwa karatasi moja ya Shirika la Afya Duniani. Ni orodha ya mambo 19 ambayo timu ya upasuaji huyataja kwa sauti mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla kisu hakijagusa ngozi, na kabla hajatolewa thieta. Kwa jumla ya miji yote minane, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madhara makubwa yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7.

Miaka mitano baadaye, jarida lilelile likaleta habari tofauti. Jimbo la Ontario, Kanada, lilikuwa limeagiza hospitali zake zitumie orodha za namna hiyo. Watafiti wakalinganisha vifo kabla na baada katika hospitali 101. Vilikuwa asilimia 0.71, vikawa 0.65, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito.

Je, orodha inaokoa maisha au haiokoi? Tukiuliza hivyo tumeshapotea njia. Katika utafiti wa 2009 timu zilipimwa kwanza, wasimamizi wa utafiti katika kila hospitali wakaonyeshwa wapi palipokuwa na upungufu, kisha orodha ikaingizwa na watu wa palepale. Ontario ilikuwa agizo la jimbo. Lucian Leape, daktari mkongwe wa usalama wa wagonjwa nchini Marekani, aliandika katika toleo lilelile la 2014 kwamba kasoro haikuwa ya orodha, bali ya kutotumika inavyopaswa. Kuweka alama ya tiki ni kazi ya sekunde chache. Kumfanya muuguzi amwambie daktari bingwa mbele ya watu, "Subiri, hesabu ya vitambaa haijatimia," na daktari akasubiri kweli, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Orodha yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana inataka kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake kabla upasuaji haujaanza. Aliyekwisha kusema mara moja haoni tabu kusema tena.

Hapa ndipo ugomvi wetu na majarida unapoanza. Makala nyingi kuhusu huduma zinazotolewa na watu wa kada mbalimbali huwa na sentensi moja tu inayoihusu timu. Inasema wagonjwa walihudumiwa na timu ya madaktari, wauguzi, mfamasia na wengineo, kisha mwandishi anakimbilia majedwali. Zamu ya usiku ilikuwa na wauguzi wangapi? Nani alikuwa na mamlaka ya kusimamisha kazi? Mteknolojia wa maabara aliitwa kwa simu, au ndugu wa mgonjwa alitumwa kumtafuta? Mtaalamu wa usingizi alipokwenda likizo, ilikuwaje? Msomaji anayetaka kuifanya kazi ileile Sumbawanga au Garissa anaachiwa asilimia za kushangilia, bila namna ya kuanza.

Malalamiko haya si yetu peke yetu. Mwaka 2008 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 80 zilizoteuliwa kuwa zinamfaa daktari anayetibu. Swali lilikuwa dogo: ukizisoma, unaweza kufanya walichofanya? Zilizoeleza vya kutosha zilikuwa takriban nusu tu, na zile za dawa zilieleza vizuri kuliko zile za huduma zisizo dawa. Kidonge kina jina, kipimo na saa. Kazi ya pamoja haina kibandiko cha namna hiyo, kwa hiyo inahitaji maneno mengi zaidi, lakini ndiyo inayopewa machache. Mwongozo wa kurekebisha hali hiyo ulitoka mwaka 2014. Una vipengele 12, na kimojawapo kinamtaka mwandishi aseme nani alitoa huduma, ana ujuzi gani, na alifundishwa nini kwa ajili ya kazi hiyo. Mwongozo upo, unapakuliwa bure. Wahariri wengi hawausisitizi.

Mfano mzuri tunao nyumbani, na ni wa zamani. Katikati ya miaka ya 1980, hospitali ya mkoa wa Kigoma ilikuwa ikipoteza wazazi kwa kiwango cha vifo 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Dakta Godfrey Mbaruku na wenzake walifukua kumbukumbu za 1984 hadi 1986, wakakuta hata uandikishaji wenyewe ni mbovu, kisha mwaka 1987 wakaanza mpango wa mambo 22. Hadi 1991 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi 186. Makala, aliyoiandika pamoja na Staffan Bergström wa Sweden, ilitoka mwaka 1995 katika jarida la Health Policy and Planning.

Hatuisifu makala hiyo kwa tarakimu zake pekee, ingawa tarakimu hizo zinatosha kumkalisha mtu kitako. Tunaisifu kwa sababu mambo yale 22 yameelezwa. Kulikuwa na vikao vya mara kwa mara vya kujadili wajibu wa kila mmoja, ratiba ya kutengeneza vifaa kabla havijafa, na mafunzo kazini. Upatikanaji wa damu ulipangwa, ikaamuliwa pia mgonjwa gani apelekwe rufaa na lini. Malalamiko ya wananchi yalisikilizwa. Hospitali ilitazama uwezekano wa kujitengenezea dripu, na ikahimiza michango ya watu wa palepale. Na limo jambo moja ambalo hulikuti katika kitabu cha ukunga: umbali kati ya hospitali na nyumba za watumishi wanaohitajika kwa dharura.

Tafakari hilo la mwisho. Mama anatokwa damu saa nane usiku, thieta iko tayari, lakini anayeijua mashine ya usingizi anakaa mbali na hana usafiri. Hakuna dawa mpya itakayomsaidia mama huyo. Linalomsaidia ni mtu kulitambua hilo mapema, kulisema kikaoni, na kikao kulitia katika mpango. Mambo ya aina hiyo huonwa kwanza na muuguzi wa zamu ya usiku, au na dereva anayetumwa kumfuata mtaalamu. Profesa huyapata kwa kusimuliwa. Ndiyo sababu tunasisitiza kwamba utafiti wa kazi ya timu hauwezi kuandikwa vyema na kada moja.

Makala ya Kigoma nayo ina majina mawili, yote ya madaktari. Hatuwalaumu, desturi ya wakati ule ilikuwa hiyo, na bila wao tusingekuwa na cha kusoma. Lakini miaka thelathini imepita na desturi haijasogea sana. Fungua makala yoyote kuhusu kazi ya pamoja wodini, utafute wauguzi. Mara nyingi utawakuta mwishoni, kwenye shukrani, tena kwa wingi bila majina: "tunawashukuru wauguzi wote wa wodi."

Utaambiwa kanuni haziruhusu vinginevyo. Kanuni zinazotajwa ni za Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, nazo zina masharti manne. Mwandishi awe na mchango wa maana katika kubuni utafiti, kukusanya data au kuzichambua. Awe ameandika rasimu au ameihakiki kwa kina. Awe ameidhinisha toleo la mwisho. Na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Masharti ni mazuri, matumizi yake ndiyo mabaya. Muuguzi amechangia data miezi kadhaa, anajua kwa nini wagonjwa wa Februari ni wachache na kwa nini safu moja ya fomu haina kitu. Rasimu haitumwi kwake. Siku ya kupanga majina anaambiwa hakutimiza sharti la pili. Kamati hiyohiyo imeandika wazi kwamba kila aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kuandika, kuhakiki na kuidhinisha. Sehemu hiyo watu hawainukuu. Wakati huohuo bosi asiyeiona hata rasimu moja anapata nafasi yake kwenye orodha, kwa heshima ya cheo.

Wapo watakaosema tukiwaingiza wote tutapata makala zenye kurasa mbili za majina. Hofu hiyo ina ukweli kidogo. Dawa yake ni kueleza nani alifanya nini, na majarida mengi tayari yanatumia mfumo wenye aina 14 za michango, kuanzia wazo la utafiti hadi uhakiki wa mwisho. Msomaji akiona jina la mkunga kwenye usanifu wa fomu na jina la profesa kwenye usimamizi tu, ataelewa mwenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo majarida hayalipendi: habari za kushindwa, au za kusuasua. Nchini Kenya, watafiti wa KEMRI-Wellcome walijaribu katika hospitali nane za wilaya mpango wa kuboresha huduma kwa watoto waliolazwa. Nusu ya hospitali zilipewa mpango kamili, wenye mafunzo, usimamizi na mrejesho, na nusu zikapewa msaada mdogo. Matokeo, yaliyotoka mwaka 2011, yalionyesha kwamba mpango kamili ulileta huduma bora zaidi. Lakini sisi tunaithamini zaidi makala waliyoitoa mwaka 2009, wakati kazi ikiendelea, iliyoandika wahudumu walisema nini. Walisema juu ya mawasiliano mabovu, kazi ya pamoja iliyolegea, upungufu wa vifaa, na mazoea ya kazini yanayokataa mabadiliko. Mganga mfawidhi anayetaka kuanzisha mpango kama huo atajifunza zaidi kwenye makala ya malalamiko kuliko kwenye ile ya ushindi. Na kama mradi ungeshindwa kabisa, makala ya namna ile ingekuwa na thamani kubwa zaidi, ila hatudhani kama ingepata mchapishaji kwa urahisi.

Mambo yameanza kubadilika, tukubali. Mwaka 2025 New England Journal of Medicine ilitoa matokeo ya mpango wa Tanzania, ambapo watumishi wa wodi za wazazi katika vituo 30 vya mikoa mitano walifanya mazoezi ya dharura ya kujifungua wakiwa palepale kazini, pamoja, kwa mara nyingi. Vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Mwandishi wa kwanza ni Mtanzania, mtafiti wa Hospitali ya Kilutheri Haydom. Anastahili hongera. Sasa tunangoja makala ya pili, ile ya wakunga walioyaendesha mazoezi hayo: walipata wapi nafasi katikati ya zamu iliyojaa, nani alikataa kushiriki mwanzoni, na nini kilimgeuza.

Makala hiyo itatoka wapi? Majarida makubwa ya nje yana ada zinazofika maelfu ya dola, na ingawa yapo yanayosamehe waandishi wa nchi maskini, kuuomba msamaha wenyewe ni shughuli. Majarida ya nyumbani, kama lile la Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yangeweza kutenga kurasa kwa ajili ya maelezo mafupi ya namna timu ilivyofanya kazi. Hayahitaji takwimu nzito, yanahitaji ukweli na jina la kila aliyehusika. Muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja uwe sharti, na nakala yake irudi kwenye wodi ilikotoka data. Mhudumu wa afya wa jamii aliyepita nyumba kwa nyumba akiuliza maswali ana haki ya kujua majibu yalisema nini, na pengine ndiye atakayegundua yamesomwa vibaya.

Waajiri nao wasijitoe. Vyuo vikuu humpandisha mhadhiri kwa makala, ndiyo maana mhadhiri huipigania nafasi ya kwanza kwenye orodha ya majina. Muuguzi wa hospitali ya wilaya hapati saa ya kuandika, na akiandika usiku kwake hakuna anayeuliza. Saa chache kwa mwezi ndani ya ratiba ya zamu zingetosha kuanza.

Kwa wahariri tuna ombi la toleo lijalo, nalo halina gharama. Kwenye fomu ya kuwasilisha makala, waongeze swali moja la lazima: nani kati ya waliofanya kazi hii hajaisoma rasimu, na kwa nini? Kama jibu ni wauguzi wote wa wodi, rasimu irudishwe kwa mwandishi kabla haijapelekwa kwa wahakiki.