Mbegu za ng'ombe wa maziwa: mpini ameshika msafirishaji

Anayevusha mitamba kupitia Namanga anaijua hesabu yake: lori, majani ya njiani, vibali vya mifugo, na mnyama mmoja akifa faida imekwenda. Mbegu za dume zina hesabu nyingine. Mtungi unaobebwa kwa mkono huchukua mamia ya mirija, na mrija mmoja hupandisha ng'ombe mmoja.

Kanda yetu haina uhaba wa vituo. Kabete, Kenya, kazi ilianza mwaka 1946. Tanzania ina Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River mkoani Arusha, na Uganda ina chake Entebbe. Kinachokwamisha ni safari kutoka kituoni hadi kijijini.

Mbegu huishi ndani ya naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Naitrojeni hiyo huvukiza kila siku, hata mtungi usipofunguliwa. Ikikauka, mbegu hufa, na kuongeza nyingine hakuzifufui. Ubaya ni kwamba mrija uliokufa unafanana na ulio hai.

Mfugaji hulipa, kisha baada ya siku kama 21 ng'ombe anarudi kwenye joto. Huenda aliita mtaalamu kwa kuchelewa, lakini huenda mtungi ulikauka njiani. Lawama humwangukia mhimilishaji, wakati msafirishaji keshalipwa.

Tupige hesabu. Chotara wa lita 8 kwa siku akipoteza mizunguko miwili, maziwa yanachelewa siku 42, yaani lita 336. Mfugaji aliyepata hasara hiyo harudi tena. Anarudia dume la jirani, na soko linakufa.

Kwa hiyo msafirishaji makini auze uhakika, si nauli tu. Apime kina cha naitrojeni kwa fimbo wakati wa kupakia, mpakani na wakati wa kukabidhi, aandike, na mpokeaji atie sahihi. Mtungi usimame wima, usiwekwe ndani ya kabini iliyofungwa, maana gesi yake hufukuza hewa na dereva anaweza kuzimia. Vibali vya mifugo vya pande zote mbili vipatikane kabla ya kuondoka, kwani wakati foleni haisogei, naitrojeni inapungua.

Mbegu bora haichukui nafasi ya josho na majani. Ndigana kali haiulizi ukoo. Lakini bila karatasi ya vipimo, mnunuzi ananunua mrija bila kujua kilichomo.