Tuambieni Habari za Bahari Yetu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

YAH: MVUA ZA VULI NA BAHARI YA HINDI

Ndugu Mkurugenzi,

Kila msimu wa vuli unapokaribia, mtaani huulizwa swali moja tu: mwaka huu kuna El Niño, lile joto la Pasifiki, au hakuna? Mkisema ipo, magazeti yanaandika mafuriko kabla wingu halijaonekana. Mkisema haipo, watu wanapumua, na mitaro iliyoziba inabaki ilivyo. Nakuandikia kwa sababu naona swali lenyewe lina kasoro, na ni Mamlaka inayoweza kutufundisha kuuliza vizuri zaidi.

Chukua 2015. El Niño ya mwaka ule ilikuwa miongoni mwa zile kali kabisa kuwahi kupimwa, na sisi pamoja na jirani zetu wa Kenya tukajiandaa kwa mafuriko kama ya 1997. Mvua zilinyesha, lakini gharika iliyoogopwa haikuja. Ikafika vuli ya 2019, Pasifiki imetulia, hakuna aliyekuwa akitaja El Niño. Oktoba, Handeni na Korogwe zikafurika. Novemba, udongo ukaporomoka West Pokot, Kenya, ukafukia watu usingizini.

Balaa la 2019 lilitoka bahari hii hii tunayovua. Kuna miaka ambayo pepo za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu kando ya Sumatra, maji ya baridi yakaibuka kutoka kilindini kule, na maji ya moto yakasukumwa upande wetu, kama beseni lililoinamishwa. Hewa yenye unyevu hupanda juu ya maji hayo ya moto, na Afrika Mashariki ikapata mvua kupita kiasi huku Indonesia na Australia zikikauka. Bahari ikiinama upande wa pili, ni sisi tunaokauka. Ilikuwa hivyo 2022, tena La Niña, kinyume cha El Niño, ikiwa imeshaganda kwa mwaka wa tatu mfululizo, na wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na wa Somalia wakapoteza msimu wa tano wa mvua.

Wanasayansi walieleza rasmi kuinama huku kwa bahari mwaka 1999, lakini bahari haikuwasubiri. Mwaka 1961, Tanganyika ikipata uhuru, hapakuwa na El Niño. Hata hivyo mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa kubwa mno, na kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 1997 bahari zote mbili, Pasifiki na ya Hindi, zilichemka pamoja. Zikachemka pamoja tena 2023, mwaka ambao Desemba 3 tope la Mlima Hanang lilishuka Katesh.

Nisiwaonee. Mwaka 2023 mlitahadharisha mapema, na taarifa zenu za msimu hutaja joto la magharibi mwa Bahari ya Hindi. Tatizo ni kwamba sentensi hiyo hukaa katikati ya aya, na waandishi wa habari (mimi nikiwa mmoja wao) huiruka tukikimbilia neno linalouza gazeti.

Naomba basi taarifa fupi ya kila mwezi, kuanzia Juni hadi Desemba, yenye mambo mawili yaliyotenganishwa: Pasifiki ikoje, na Bahari ya Hindi ikoje. Iandikwe kwa Kiswahili cha mvuvi anayejua kusi na kaskazi, isomwe katika redio za jamii. Iseme pia pale ujuzi wake unapokoma. Kuinama kwa Bahari ya Hindi kwa kawaida hufifia pepo zinapogeuka mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo haitoi ahadi kubwa kuhusu masika. Vilevile ieleze kwamba Songea si Same: kusini mwa nchi, bahari hizi hazileti habari ileile zinayoileta kaskazini. Kwangu, mkulima akiambiwa wazi kwamba hapo hakuna uhakika, ameheshimiwa kuliko akipewa "juu ya wastani" isiyo na maelezo.

Kama utaratibu huu unahitaji majaribio, anzeni na baadhi ya maeneo ya vuli: Tanga, Kilimanjaro, Pwani, Unguja na Pemba. Toleo la Agosti ndilo muhimu kuliko yote, maana ndipo watu wa Same na Lushoto wanapoanza kuamua mbegu ya kununua.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwandishi wa habari, Tanga.