Andika Nambari ya Mtoto, Si Jina Lake

Shule zikifunguliwa, simu ya mhasibu wa shule haipumziki. Mzazi amelipa karo, ujumbe wa kuthibitisha anao, pesa imetoka, lakini mtoto bado anaambiwa ana deni. Mara nyingi hiyo pesa haijapotea. Imeingia kwa akaunti ya shule na imekaa tu pale, haina mwenyewe, kwa sababu kwenye nambari ya akaunti mzazi aliandika "Brian 2 East".

Wengi husema ni mtandao. Mimi nasema ni ufunguo.

Nilisomea uuzaji, si kompyuta, lakini hili halitaki digrii. Mfumo wa shule hauweki kila kitu pamoja. Kuna jedwali la wanafunzi: nambari ya mwanafunzi, jina, kidato, simu ya mzazi. Kuna jedwali la malipo: nambari ya muamala, kiasi, tarehe, na nambari ya mwanafunzi aliyelipiwa. Ukiuliza Brian amebakisha ngapi, programu inachukua nambari yake, inaenda kwa malipo, inajumlisha kila mstari wenye nambari hiyo. Jina na simu havirudiwi kila unapolipa, kwa hivyo ukibadilisha laini, mhasibu anarekebisha mahali pamoja tu. Wazo hili si geni: Edgar F. Codd wa IBM alilichapisha 1970.

Nambari ya mwanafunzi ni ufunguo mkuu kwenye jedwali lake. Ikitokea kwenye jedwali la malipo, ni ufunguo mgeni, ndio unaounganisha hayo mawili. Sasa, anayeuandika huo ufunguo mgeni ni nani? Ni wewe, na simu yako, pengine ukiwa umesimama ndani ya matatu.

Jina haliwezi kazi hiyo. Akina Brian ni wengi, na "Brayo" kwa kompyuta ni mtu mwingine kabisa. Nambari ya simu nayo? Una watoto wawili shule moja, na muhula huu mjomba ndiye amelipa. Halafu laini ikikaa bila kutumika, hupewa mtu mwingine.

Kukosea tarakimu kunaweza kuwa kubaya zaidi. Nambari ambayo haipo, mfumo unaweza kuikataa. Lakini ukiandika 4512 badala ya 4521, na 4512 ni mtoto wa wenyewe, mfumo hauna shida yoyote: umemlipia jirani.

Hata hivyo, lawama zote zisiangukie mzazi. Shule inayochapisha "Akaunti: jina la mwanafunzi" kwenye barua ya karo imejitafutia kazi, na imemtafutia mzazi safari ya bure. Landilodi anayesema "andika tu jina lako" ni yule yule. Shule inaweza kuunganisha mfumo wake na Paybill ili nambari isiyojulikana irudishwe kabla pesa haijaingia. Kwenye mkutano wa wazazi, hilo ndilo swali la kuuliza, kabla ya lile la basi jipya.

Na kama tayari umelipa kwa jina, usilipe mara ya pili. Mtumie mhasibu nambari ya muamala iliyo kwenye ujumbe wako, pamoja na nambari ya mtoto. Hiyo ya muamala haifanani na ya mtu mwingine yeyote, kwa hivyo atapata mstari mmoja tu, na kujaza pale palipoandikwa "Brian 2 East".