Umeumizwa hospitali? Miaka mitatu huisha haraka

Chukua mfano wa mama wa Handeni aliyefanyiwa upasuaji Machi 2022, kidonda kikagoma kupona. Mwaka wa kwanza ukaishia kwenye dawa na nauli za kwenda Tanga mjini. Wa pili akaandika barua ya malalamiko, akaambiwa asubiri. Wa tatu familia ikaitwa kikao, wakaahidiwa "tutalimaliza". Mei 2025 ndo anapata wakili. Kumbe kachelewa miezi miwili.

Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka mitatu kwa madai ya aina hii, uzembe wa tabibu ukiwemo. Kesi ikiletwa nje ya muda inatupwa, hata kama hospitali haijalalamika.

Miaka mitatu si michache. Shida ni kwamba watu wengi wanaamini barua na vikao vinasimamisha saa. Havisimamishi, mahakama zimeshasema hivyo. Hata ukilalamika Baraza la Madaktari Tanganyika, baraza linaweza kumwadhibu daktari, ila fidia yako bado inadaiwa mahakamani.

Kwa hospitali za serikali, ambazo ndizo wengi wa Handeni na Korogwe wanatibiwa, njia ni ndefu zaidi. Lazima kwanza utoe notisi ya siku 90. Tangu mabadiliko ya 2020, ukiishtaki halmashauri, Mwanasheria Mkuu wa Serikali naye lazima aunganishwe. Na kesi haifunguliwi mahakama ya wilaya hapo jirani, inakwenda Mahakama Kuu, yaani Tanga. Kutoka Handeni ni Korogwe, Segera, Muheza, ndipo ufike. Kwa mkulima wa mahindi, safari mbili tatu tu zimemaliza akiba.

Milango midogo ipo. Mtoto aliyeumizwa wakati wa kuzaliwa, miaka yake mitatu inaanza akifikisha 18. Ukweli ukifichwa kwa udanganyifu, siku zinahesabiwa tangu ulipogundulika.

Kwa yule mama umebaki mlango mmoja: kumwomba Waziri wa Sheria aongeze muda. Waziri akikubali, haruhusiwi kuzidisha nusu ya ule wa awali, yaani mwaka mmoja na nusu. Mwisho wake Septemba 2026, na notisi ya siku 90 iwe imeshatoka mapema.