Watunzaji wa Vitabu, Mutuambie Kile Mulipenda



Biblioteke si depo. Wenye kuitunza wanashika ufunguo na kaye ya majina, na hiyo ni kazi nzuri, juu kitabu kikipotea hakirudi. Lakini tunawaomba neno lingine: watuambie wao wenyewe walisoma nini wakafurahi.

Mwalimu akisema "someni hiki", sisi tunawaza pointi tu. Mtu mzima akisema "hiki kilininyima usingizi", tunataka kujua sababu. Tuangalie L'Enfant noir ya Camara Laye wa Guinea, iliyotoka mwaka 1953. Ukiona jina tu, unaipita. Lakini ukiambiwa ni habari ya mtoto wa mfua dhahabu wa Kouroussa, aliyeachana na mama yake kwa ajili ya masomo, wewe unayelala hapa shuleni utaitafuta leo leo. Vilevile Safari ya Msafiri ya Bunyan, ya mwaka 1678. Wengi wanasema ni mahubiri tu. Kumbe yule mtu alifungwa gerezani kwa sababu ya kuhubiri, na njiani mwa msafiri wake mna majitu na hatari nyingi!

Basi, kila mwezi karatasi moja ibandikwe mlangoni: jina la kitabu, na sababu ya kukipenda. Wasiandike vile vinavyotufaa tu, waseme kweli vile walivyopenda. Na sisi tukisha kusoma, tuandike chini yake kama tunakubali ao hapana. Tena, kitabu ni kimoja na sisi ni wengi: mtu asikae nacho kupita juma moja.