"Nimetega Bomu B!": Counter-Strike na Saa ya Magharibi



Mwezi uliopita, baada ya sala ya ishaa, mzee mmoja wa mtaa wetu alitujia katika ofisi ya kamati, uso wake ukionyesha kuwa amebeba jambo zito. Alikuwa amepita mbele ya mlango wa chumba cha mwanawe akamsikia akisema kwa sauti ya juu: "Nimetega bomu B! Nilindeni!" Kauli ya namna hiyo, katika nyumba ya Waislamu na katika zama hizi, haimfikii baba ikamwacha alivyokuwa. Mzee alikuwa na siku mbili hajalala vizuri. Kijana mwenyewe tunamjua: ana miaka 19, anangoja kujiunga na chuo, naye ndiye awashaye vipaza sauti vya msikiti nyakati za adhana.

Tulimwuliza kijana kwa upole, naye akacheka mpaka akashika ukuta. Ulikuwa mchezo wa kompyuta uitwao Counter-Strike 2. Tukamwomba baba yake ruhusa, tukaenda na kiti chetu, tukaketi nyuma ya kijana jioni tatu mfululizo. Tunayoyaandika hapa ni yale tuliyoyaona na tuliyoyasoma baadaye, kwani tumechoka kusikia michezo hii ikihukumiwa na watu ambao hawajapata kuitazama hata kwa robo saa.

Mchezo huu ulianza mwaka 1999 kwa mikono ya wanafunzi wawili, Minh Le na Jess Cliffe, waliougeuza mchezo mwingine, Half-Life, wakaupa sura mpya. Kampuni ya Valve ya Marekani ikauchukua, na toleo la sasa lilitoka Septemba 2023. Hucheza watu watano dhidi ya watano. Kundi moja hujaribu kutega bomu katika moja ya sehemu mbili, A au B, na kundi la pili huzuia au hulitegua. Bomu likishategwa hulipuka baada ya sekunde 40. Raundi 12 zikiisha, makundi hubadilishana nafasi. Kwa hiyo aliyekuwa akitega huwa mteguaji, na mteguaji huwa mtegaji. Mzee alipolielewa hili alishusha pumzi ndefu.

Tuseme kweli: kuna mazuri ndani yake, wala si machache. Anayeuawa hafufuki mpaka raundi iishe. Hukaa akiwatazama wenzake. Kwa sababu hiyo hakuna anayekimbilia mbele kwa pupa. Anayefyatua huku akikimbia hupoteza risasi zake ukutani, na hatua za anayekimbia husikika na adui, ila za anayenyata hazisikiki. Tulishangaa kuona kuwa sehemu kubwa ya mchezo wa bunduki ni kunyamaza na kusikiliza.

Na kuna hesabu ya fedha, ambayo ndiyo iliyotuvutia zaidi. Raundi ya kwanza kila mmoja hupewa dola 800 za mchezo, zinazotosha bastola na kitu kidogo juu yake. Bunduki ya AK-47 ni 2,700, na ile ya kudungulia kwa mbali iitwayo AWP ni 4,750. Walioshindwa hupewa fungu dogo, ndipo unapowasikia wakishauriana: raundi hii tusinunue, tuweke akiba, ijayo tununue sote kwa pamoja. Anayevunja shauri na kununua peke yake huwaponza wenzake wanne. Tumekaa katika vikao vingi vya kamati za ujenzi ambavyo havikufikia nidhamu hiyo.

Hata hivyo, adha zake nazo ni nyingi. Wamo wadanganyifu wanaotumia programu za kuona nyuma ya kuta, na kampuni imekuwa ikiwafungia kwa miaka mingi bila kuwamaliza. Yamo matusi: mgeni asiyekujua, kwa lugha usiyoijua, anamtukana mama yako kupitia vipokea sauti kwa kosa la kukosa shabaha. Kijana wetu amejifunza kumzima msemaji kwa kubonyeza mara moja, na tunawashauri wazazi wahakikishe watoto wao wanakijua kitufe hicho kabla ya kukijua kingine chochote. Mara nyingi mechi zake huunganishwa na seva za Johannesburg au Dubai, na mawimbi ya intaneti yakilegea, anapigwa risasi na mtu ambaye kwake bado hajatokea kwenye kona.

Ama uwanja wake mashuhuri, Dust II, uliobuniwa na Dave Johnston mwaka 2001, ni mji wa jangwani wenye matao na kuta za rangi ya mchanga, kama miji ya ndugu zetu wa Afrika ya Kaskazini. Tuliutazama kwa muda mrefu. Hauna mama anayechota maji wala mtoto anayetoka chuoni. Ni mji uliotengenezwa ili upigwe risasi tu, na hilo, japo kijana alisema hajawahi kulifikiria, halikutuacha.

Lakini lililotukasirisha ni visanduku. Mchezaji hupewa kisanduku kilichofungwa, na ili akifungue hununua ufunguo kwa dola 2.49, fedha za kweli safari hii. Ndani hupata nakshi ya kupamba bunduki, isiyoongeza nguvu yoyote, na hajui ni ipi mpaka alipe. Nakshi nyingi ni za thamani ndogo. Chache huuzwa kwa mamia au maelfu ya dola. Kwa viwango vilivyotangazwa China mwaka 2017, kisu, kinachotamaniwa kuliko vyote, hutokea kwa asilimia 0.26, yaani pungufu ya mara moja katika kufungua visanduku 300. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema wazi kuwa visanduku hivyo ni kamari, na ufunguaji wake ukazuiwa nchini humo. Ikiwa Wabelgiji wamekiita kitu hicho kamari, sisi tunaosoma Suratul Maida hatuna haja ya kutafuta jina jingine. Kijana alikiri kuwa amewahi kununua funguo nne. Alipata nini? "Vitu vya kutupa, Ustadhi." Baba yake hakusema neno, ila tuliona vidole vyake vikihesabu.

Sasa tuje kwenye jioni ya tatu. Mechi ya ushindani huendelea mpaka kundi moja lishinde raundi 13, nayo huchukua kiasi cha nusu saa hadi dakika 45, hata zaidi. Haisimami. Yapo mapumziko mafupi ya kushauriana, lakini hayatoshi hata udhu. Anayetoka katikati huadhibiwa kwa kufungiwa: kwanza nusu saa, kisha saa mbili, kisha siku nzima, hadi wiki. Umeme ukikatika na asiporejea upesi, mtambo hauulizi sababu. Jioni ile kijana alianza mechi saa 12:05. Ilipotimu saa 12:30 walikuwa 11 kwa 10, na adhana ya magharibi ikasikika kwa mbali, bila kipaza sauti, maana mwenye kukiwasha alikuwa mbele yetu akilinda kona ya B.

Na sisi je? Tunaona haya kuandika, ila tusipoandika tutakuwa wanafiki. Hatukuinuka papo hapo. Tulitaka kuona raundi ile itaishaje. Ilipoisha tukashtuka, tukatoka mbio, tukaiwahi rakaa ya kwanza kwenye rukuu. Kijana alifika ya tatu.

Baada ya sala tulimwuliza. Hakujitetea kwa uongo. Alisema, "Ustadhi, nikitoka, wale wanne wanabaki wanne dhidi ya watano. Nimewaahidi." Jibu hilo lilitunyamazisha, kwa kuwa ndani yake mna tabia tunayoitafuta kwa vijana kwa taa. Kosa lilikuwa kwenye saa 12:05. Aliweka ahadi ya dakika 40 mahali palipobaki dakika 25, naye alikuwa na ahadi nyingine kabla ya hiyo.

Mzee aliwahi kulitatua jambo hili kwa kuchomoa waya wa intaneti. Kijana akafungiwa siku nzima, wenzake wakashindwa, na kwa siku tatu baba na mwana walisalimiana kwa vichwa. Safari hii wameketi wakapatana mbele yetu: mechi ya ushindani isianze ikiwa imebaki chini ya saa moja kabla ya adhana. Baina ya alasiri na magharibi nafasi ipo ya kutosha. Ikibaki robo saa na hamu haijaisha, kuna aina nyepesi ya mchezo huo huo, ya dakika kumi, ambayo mtu hutoka apendapo bila adhabu. Na funguo za visanduku hazinunuliwi tena, hata kimoja.

Mzee mwenyewe siku hizi hupita mlangoni akauliza, "Mmefika raundi ya ngapi?" Akiambiwa ya 20, huenda zake kutia udhu. Juzi aliambiwa ya tatu, na jua lilikuwa limeshainama. Akaingia ndani, akavuta kiti, akaketi kimya nyuma ya mwanawe mpaka kijana alipogeuka mwenyewe.