Kabla punda hajafika: tandiko, majani na mapatano ya nyumbani



Kila mwisho wa mzunguko wa AVEC swali ni lile lile: pesa ya mgawanyo inunue nini chenye kubaki? Kuna wanaotaka pusi-pusi, kuna wanaotaka kuongeza mtaji wa soko. Mara hii kikundi kimoja cha wamama kinafikiri kununua punda, nao wameuliza safu hii iwaambie wajitayarishe namna gani. Swali ni zuri, na linatuhusu wote. Bido moja ya litre 20 ina kilo 20. Ongeza mtoto mgongoni, ongeza kuni au saki ya makala, na hesabu ni safari ngapi kwa siku. Katika nyumba nyingi za Bunia, shingo na mgongo wa mama ndiyo lori ya familia. Kama mnyama anaweza kupunguza mzigo huo, inafaa tujue vizuri kazi yake, na pia gharama yake.

Punda gani?

Punda ni mnyama wa Afrika. Mwaka 2022 wanasayansi waliolinganisha damu ya punda wa nchi nyingi walitangaza kwamba watu walianza kumfuga punda upande wetu huu wa Afrika ya Mashariki, karibu miaka 7,000 iliyopita, ndipo akaenea duniani. Leo Ethiopia ndiyo nchi yenye punda wengi kuliko zote. Hapa karibu, Uganda, wanabeba mizigo Kapchorwa kwenye miteremko ya mlima Elgon, na Karamoja pia. Kenya, wamama wa Kimasai wanabebesha punda maji, na kisiwani Lamu punda ndiye gari la mji, kwa sababu njia ni nyembamba.

Punda wa asili wa nchi hizi ni mdogo, mara nyingi wa rangi ya majivu, na mabegani ana mstari mweusi unaokata ule wa mgongo kama msalaba. Msimdharau kwa udogo wake. Amezoea jua letu na majani yetu magumu. Mnyama mkubwa wa kutoka mbali anataka chakula kingi na matunzo ambayo hapa hatuna. Lakini tuseme pia ukweli mwingine: ndorobo anamletea punda ugonjwa, na upande wa msitu ndorobo ni wengi. Mwenye kazi ya kwenda na kurudi Komanda au Mambasa aulize veterineri kwanza, kabla ya kutoa pesa.

Tandiko kwanza

Watu wengi wananunua punda, halafu wanatafuta kamba. Matokeo ni kidonda cha mgongo, na punda mwenye kidonda hafanyi kazi hata wiki nyingi. Kwa hiyo tayarisheni vifaa vya tandiko mapema, na siku punda anapofika mpime juu ya mgongo wake mwenyewe, mkilegeza au mkikaza, kabla ya mzigo wa kwanza.

Sheria kubwa ni moja: uzito usikae juu ya uti wa mgongo. Ukae kwenye mbavu, kulia na kushoto. Shoneni mito miwili mirefu ya kitambaa kigumu cha pamba, mjaze majani makavu au nyuzi za mgomba, mpaka iwe minene kama upana wa kiganja. Iunganisheni kwa mikanda miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, ili katikati kubaki mfereji mtupu. Mkiweka tandiko, mtu apitishe mkono katika mfereji ule toka mbele mpaka nyuma. Kama mkono haupiti, tandiko halifai. Chini yake wekeni blanketi ya zamani iliyofuliwa. Saki ya nailoni isiguse ngozi, maana inashika joto na kukata.

Halafu kuna mikanda mitatu. Wa kwanza unapita chini ya kifua, nyuma kidogo ya miguu ya mbele. Usipite chini ya tumbo lenyewe, kwa sababu utamzuia kupumua vizuri. Kati ya mkanda na ngozi vidole viwili viingie. Wa pili unazunguka kifua kwa mbele, tandiko lisirudi nyuma anapopanda. Wa tatu unazunguka matako, tandiko lisimwendee shingoni anaposhuka. Sisi wenye milima tusisahau huo wa tatu: fikirini tu mteremko wa Bogoro kwenda Kasenyi. Mikanda iwe mipana, vidole vitatu au vinne, ya ngozi laini, ya pamba iliyosokotwa, au ya mpira wa ndani wa gurudumu uliofunikwa kitambaa. Kamba nyembamba na waya, hapana.

Mzigo wenyewe ugawanywe sawa. Watu wa pwani wanatumia shogi, yaani mfuko mkubwa wa ukili unaoning'inia pande zote mbili za punda. Fundi wa vikapu wa hapa anaweza kusuka kitu cha namna hiyo, au mnaweza kushona mifuko ya turubai. Bido mbili, moja kila upande, ni kilo 40. Kwa punda mdogo hapo mmefika karibu na mwisho, kwa sababu zaidi ya kilo 50 mgongoni ni kumharibu. Bido ya tatu juu katikati ndiyo inayokaa pale pale tulipokataza.

Kichwani punda hahitaji chuma cha mdomoni. Kamba laini, pana, iliyofungwa kuzunguka pua na nyuma ya masikio inatosha kumwongoza.

Na mukokoteni?

Barabara ikiwa sawa, punda anavuta zaidi kuliko anavyobeba. Lakini nira ya ng'ombe si yake. Ng'ombe wetu ana nundu, anasukuma nira kwa pale. Punda hana nundu, nguvu yake iko kifuani. Mvalisheni mkanda mpana wa kifua, uliofungwa chini ya koo ili asikosi hewa, na wenye mto ndani. Mukokoteni wa magurudumu mawili ujazwe mzigo juu ya ekseli, si mbele wala nyuma. Na lazima uwe na freni. Bila freni, kwenye mteremko mzigo wote unamsukuma punda, na aliye mbele yake ni mtoto anayemwongoza.

Chakula, maji, nyumba

Punda mdogo anakula karibu kilo 2 au 3 za majani makavu kwa siku, na anapenda kula kidogo kidogo saa nyingi. Majani ya porini, mabua ya mahindi yaliyokauka vizuri na maganda ya maharagi yanamfaa. Mahindi ya punje na chakula cha nguvu kikizidi vinamletea ugonjwa wa kwato. Msimpe chakula chenye ukungu, wala majani mabichi ya muhogo. Sombe tunaitwanga na kuipika muda mrefu kwa sababu ina sumu, naye anaila bila sufuria. Hapa mjini adui mwingine ni sashe. Punda anayezunguka kwenye takataka ataimeza, nayo itaziba tumbo. Parsele zetu ni ndogo, kwa hiyo swali la nani atakata majani, wapi, na saa ngapi, lijibiwe kabla ya kununua. Kama jibu ni "mama atakata", basi tumemwongezea mama mzigo.

Maji yawe safi, kila siku, na bakuli ya chumvi isikose. Punda anakataa maji machafu hata akiwa na kiu. Mvua ni jambo lingine: manyoya yake hayazuii maji kama ya ng'ombe. Anahitaji paa, hata la nyasi, na chini pakavu. Matope yanalainisha kwato na kuziozesha. Kila jioni inueni miguu yote minne, mtoe mawe na uchafu. Fundi au veterineri azikate kila wiki 6 mpaka 10. Dawa za minyoo, na chanjo ya pepopunda kama inapatikana, ziingie katika hesabu ya kikundi toka mwanzo. Mbolea yake nayo ihesabiwe, itasaidia bustani za mboga.

Siku ya kuchagua

Msimchague kwa rangi. Inueni tandiko lake la zamani, mtazame mgongo: manyoya meupe kama sarafu ni kovu la kidonda cha zamani. Mwacheni atembee kwenye mahali pagumu, msikilize kama hatua zote nne ni sawa. Fungueni mdomo: punda anamaliza kuotesha meno yake ya ukubwa karibu na miaka 5, na kabla ya miaka 4 mzigo mzito utamharibu. Mguseni masikio na miguu, mtajua kama amezoezwa kwa mkono au kwa fimbo. Kumbukeni punda anaficha maumivu. Anayesimama kimya, kichwa chini, masikio yamelala, hakustarehe, ni mgonjwa. Na kama uwezo upo, nunueni wawili. Peke yake punda anahuzunika na kuacha kula. Jike anaweza kuzaa, lakini anabeba mimba karibu miezi 12, na miezi ya mwisho asibebe mzigo mzito.

Mkinunua ng'ambo ya mpaka, dai karatasi ya afya ya mnyama. Mkinunua hapa, muuzaji alete mashahidi na karatasi ya shefu. Siyo mchezo. Ngozi ya punda inatafutwa sana kwa dawa inayotengenezwa China, na Kenya ilipofungua machinjio ya punda, wizi uliingia vijijini mpaka wamama wakarudia kubeba maji mgongoni. Mwezi wa pili 2024 wakubwa wa nchi za Umoja wa Afrika, Addis Abeba, walikubaliana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Hata hivyo, usiku punda alale ndani ya lupango.

Punda ni wa nani?

Hapa ndipo penye uzito kuliko tandiko. Mara nyingi mnyama anaingia nyumbani kwa ajili ya maji ya mama, halafu akionekana analeta franka, anahamia kwa bwana au kwa kijana, anabeba matofali na mchanga, na mama anarudia bido yake. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyorekebisha Kode ya Familia iliondoa ile ruhusa ya bwana ambayo mama aliyeolewa alilazimika kuwa nayo. Sheria hiyo hiyo inataka bwana na bibi wapatane. Basi pataneni, na muandike: nani mwenyewe, siku gani ni za maji na za shamba la nyumba, siku gani ni za kukodisha, pesa ya kukodisha inaingia sanduku gani, na siku gani punda anapumzika. Siku moja kwa wiki ni yake. Wasomeeni bwana na watoto karatasi ile, na wote waweke saini.

Kikundi kilichouliza kifanye hivi: mwezi wa kwanza shoneni tandiko, jengeni paa, pangeni zamu ya majani, andikeni mapatano. Kama mwezi unaisha na kazi hizo nne hazijamalizika, mwachie muuzaji punda wake kwanza. Pusi-pusi haili usiku. Kama zimemalizika, nendeni sokoni bila woga.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu. Tutaonana wiki ijayo.